Kafi na Kimo: Somo la Nyenzo Juu ya Maji

Utangulizi

Mwalimu anapofundisha nyenzo darasani, mara nyingi hutumia mifano ile ile: mkasi, toroli, koleo na mtaimbo wa kung'olea mawe. Mifano hiyo ni mizuri, lakini mwanafunzi huizoea upesi, na akishaizoea huacha kuuliza. Katika makala haya tutachunguza chombo kingine kilicho karibu nasi, yaani kafi, na hasa lile kafi refu litumiwalo katika mchezo wa kupiga kafi kwa kusimama juu ya ubao. Swali letu ni moja: kafi liwe na urefu gani ili limfae mtu mwenye kimo fulani?

Swali hili lina jibu ambalo wachezaji wengi hulijua kwa kichwa: chukua kimo chako, kisha ongeza sentimita 20. Wengine husema ongeza 15, na wengine 25. Jibu hili si baya. Lakini ni kanuni ya kukariri, na kanuni ya kukariri haimwambii mtu kwa nini iwe hivyo, wala ni lini haifai. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kanuni hiyo imetoka wapi, na kumpa msomaji njia ya kuipima mwenyewe.

Jambo hili si la mchezo mtupu. Mbao za namna hii zinaonekana siku hizi Diani na Watamu nchini Kenya, na katika fukwe za Unguja. Kafi lililopimwa kwa kimo cha mtu mzima mrefu huweza kukabidhiwa kijana wa miaka kumi na mitano bila mtu yeyote kuuliza. Kijana huyo hatajua kwamba ameonewa. Atajua tu kwamba bega linamuuma, na kwamba wenzake wanamwacha nyuma.

Pondo, kasia na kafi

Watu wa pwani wana maneno matatu ambayo yafaa yatenganishwe tangu mwanzo, kwa kuwa kila neno lina fizikia yake.

Pondo ni mti mrefu unaotumiwa kusukumia chombo katika maji machache. Mvuvi husimama, hulididimiza pondo mpaka lifike chini, kisha hulisukuma. Kinachomzuia pondo lisirudi nyuma ni ardhi yenyewe. Kwa hiyo urefu wa pondo hutegemea kwanza kina cha maji: pondo lisilofika chini halina kazi.

Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, au huwekwa katika kishikizo kingine. Hapo ukingo wa chombo ndio unaolishikilia kasia, na mpigaji huketi na kuvuta. Urefu wa kasia hutegemea upana wa chombo na kimo cha ukingo wake juu ya maji.

Kafi halifungwi popote. Hushikwa kwa mikono miwili tu, na mwili wa mpigaji ndio unaofanya kazi ambayo kishwara hufanya kwa kasia. Kwa sababu hiyo urefu wa kafi hutegemea mwili wa mtu kuliko kitu kingine chochote. Mpigaji aliyeketi ndani ya mtumbwi hutumia kafi fupi. Akisimama, mikono yake hupanda juu na maji hubaki pale pale, na kwa hiyo kafi lazima lirefuke.

Asili ya mchezo huu

Kusimama chomboni na kujiendesha kwa mti au kafi ni jambo la kale katika sehemu nyingi za dunia. Lakini mchezo tunaouzungumzia hapa ulipata sura yake katika visiwa vya Hawaii. Katikati ya karne ya ishirini, baadhi ya walimu wa kuteleza juu ya mawimbi katika ufuo wa Waikiki walisimama juu ya mbao zao na kutumia kafi, ili waweze kuwaona wanafunzi wao na mawimbi yanayokuja. Mwanzoni mwa karne hii mtindo huo ulifufuliwa na kuenea haraka, na mwaka 2012 mashindano ya kwanza ya dunia yaliyoandaliwa na Shirika la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza juu ya Mawimbi yalifanyika Lima, nchini Peru.

Kafi la mchezo huu lina sehemu tatu: kishikio cha juu chenye umbo la herufi T, mpini, na bapa linaloingia majini. Bapa hilo limepindwa kidogo, kiasi cha nyuzi 10, na mpigaji hulishika ili upindo uelekee mbele. Wanaoanza hulishika kinyume, kwa kuwa macho huwaambia kwamba bapa lifanane na kijiko cha kuchotea. Wakilishika hivyo, bapa huinua maji mwishoni mwa pigo badala ya kuyasukuma nyuma.

Vipande vitatu vya urefu

Sasa tulijenge kafi kwa hesabu. Tuchukulie kwamba kafi limesimama wima wakati wa pigo, na kwamba bapa lote limezama majini, wala si zaidi ya bapa. Hapo urefu wa kafi ni jumla ya vipande vitatu:

(a) urefu wa bapa;
(b) kimo cha uso wa ubao juu ya maji;
(c) kimo cha mkono wa juu kutoka usoni mwa ubao.

Kipande cha kwanza ni rahisi. Mabapa mengi yana urefu wa sentimita 40 hadi 45. Tuseme letu lina sentimita 43.

Kipande cha pili tunakipata kwa kanuni ya Archimedes. Tuseme ubao ni ule wa kujazwa upepo, wenye unene wa sentimita 15, na eneo lake linaloelea ni mita 2 za mraba. Mtu ana kilo 60 na ubao una kilo 10, jumla kilo 70. Kilo 70 za maji ya bahari, ambayo mita moja ya ujazo ina takriban kilo 1,025, huchukua mita za ujazo 0.068. Tukigawanya kwa eneo la mita 2 za mraba, tunaona kwamba ubao utazama kiasi cha sentimita 3.4. Unaobaki juu ya maji ni sentimita 11.6, nasi tutasema 12.

Hapa mwalimu anaweza kutua na kuuliza: je, katika Ziwa Victoria, ambako maji hayana chumvi, hesabu hii itabadilika? Itabadilika, lakini kwa milimita moja hivi tu. Je, mtu wa kilo 90? Ubao utazama takriban sentimita 4.9, yaani sentimita moja na nusu zaidi. Kumbe uzito wa mtu, ambao wengi huudhania kuwa jambo kubwa, unagusa urefu wa kafi kidogo sana. Unene wa ubao ndio wenye uzito katika hesabu: ubao mgumu wenye unene wa sentimita 11 utamshusha mtu yule yule kwa sentimita 4 nzima.

Kipande cha tatu ndicho kinachotoka mwilini. Mpigaji hasimami wima kama askari wa gwaride. Hukunja magoti kidogo na kuinamisha kiwiliwili mbele, na katika nafasi hiyo mkono wa juu unapaswa kuwa usawa wa uso wake, usipite utosi. Tuseme tumempima mwanafunzi mwenye kimo cha sentimita 165 akiwa katika nafasi hiyo, na mkono wake umekuwa sentimita 130 kutoka chini. Basi:

130 + 12 + 43 = 185.

Sentimita 185 ni kimo chake na 20 zaidi. Kanuni ya ufuoni imejitokeza yenyewe.

Kanuni ni mstari, si nyongeza

Msomaji makini atakuwa ameona jambo. Katika vipande vitatu, kimoja tu kinakua pamoja na kimo cha mtu. Viwili vingine, yaani bapa na ubao, havimjui mtu: jumla yao ni sentimita 55 kwa mfupi na kwa mrefu. Kwa mwanafunzi wetu, mkono wa juu ulikuwa 130 kwa 165, yaani takriban 0.79 ya kimo. Tukichukulia kwamba miili ya watu ina uwiano unaokaribiana, na tukiandika U kwa urefu wa kafi na K kwa kimo, tunapata:

U = 0.79K + 55.

Huu ni mlinganyo wa mstari mnyoofu, ule ule unaofundishwa katika hisabati. Tukiutumia kwa watu wa vimo mbalimbali, matokeo ni haya:

Kimo 140: kafi 166, nyongeza 26.
Kimo 150: kafi 174, nyongeza 24.
Kimo 165: kafi 185, nyongeza 20.
Kimo 180: kafi 197, nyongeza 17.
Kimo 190: kafi 205, nyongeza 15.

Vipimo vyote ni kwa sentimita. Hebu tuitazame nyongeza. Haikai mahali pamoja. Mtu mfupi anahitaji kuongeza zaidi, na mtu mrefu kuongeza kidogo. Kwa hiyo wale wanaosema 15 na wale wanaosema 25 hawana haja ya kubishana, kwa kuwa kila mmoja huenda amepima mwili wake mwenyewe. Sentimita 20 ni kipimo cha mtu wa katikati tu.

Ni lazima tuongeze kwamba mlinganyo huu ni wa ubao wetu na bapa letu. Ubao ukiwa mwembamba, au bapa likiwa fupi, ile 55 itapungua. Pia kazi hubadili kipimo. Anayeteleza juu ya mawimbi huinama sana na kugeuza kafi upesi kutoka upande huu hadi ule, naye kwa kawaida huchagua kafi fupi zaidi. Anayekwenda safari ndefu juu ya maji yaliyotulia huchagua refu zaidi kidogo.

Kafi kama wenzo

Mpaka hapa tumeshughulika na urefu kwa jiometri peke yake. Sasa tuulize kani zinasemaje kuhusu kafi lililozidi.

Tuuchukue mkono wa juu kuwa egemeo. Mkono wa chini unavuta: hiyo ndiyo jitihada. Maji yanalizuia bapa: huo ndio mzigo. Jitihada iko katikati ya egemeo na mzigo, na kwa hiyo kafi ni wenzo wa daraja la tatu, ndugu wa fagio na koleo. Wenzo wa daraja hili haupunguzi jitihada hata kidogo. Huiongeza, na malipo yake ni mwendo: mkono ukienda kidogo, bapa huenda sana.

Tumchukue mwanafunzi mwenye kimo cha sentimita 150. Kwa mlinganyo wetu kafi lake ni sentimita 174. Mikono yake imeachana sentimita 70, na kani ya maji tuiweke katikati ya bapa, yaani sentimita 22 kutoka ncha. Umbali kutoka mkono wa juu hadi hapo ni 174 − 22 = 152. Tuseme maji yanazuia kwa kani ya nyutoni 50. Kwa kanuni ya momenti:

jitihada ya mkono wa chini = 50 × 152 ÷ 70 = nyutoni 109 hivi.

Na kwa kuwa kani za kwenda mbele lazima zilingane na za kwenda nyuma, mkono wa juu unasukuma kwa 109 − 50, yaani nyutoni 59.

Sasa tumpe kafi la sentimita 205, lililokuwa la mtu wa kimo cha 190. Umbali unakuwa 205 − 22 = 183. Kwa maji yale yale na mikono ile ile:

jitihada ya mkono wa chini = 50 × 183 ÷ 70 = nyutoni 131 hivi;
kani ya mkono wa juu = 131 − 50 = nyutoni 81.

Mkono wa chini umeongezewa kazi kwa asilimia 20, na mkono wa juu kwa asilimia 38. Tena tazama mkono huo wa juu uko wapi. Kimo chake kutoka ubaoni ni 205 − 55, yaani sentimita 150, sawasawa na utosi wa mwanafunzi huyu akiwa amesimama wima. Akiinama kupiga pigo, mkono unakuwa juu ya kichwa. Bega linalofanya kazi mara nyingi huku mkono ukiwa juu ya kichwa hubanwa: kano za misuli inayolizunguka hupita katika nafasi nyembamba chini ya mfupa, nazo zikisuguliwa mara kwa mara huvimba na kuuma. Hapa tunamwongezea mtu mfupi mzigo mkubwa zaidi, na papo hapo tunamlazimisha aubebe katika nafasi mbaya zaidi.

Pengine mtu atasema: ashike mpini chini ya kishikio. Anaweza, lakini atapoteza kitu. Kishikio chenye umbo la T ndicho kinachomwezesha kujua bapa limeelekea wapi na kulizuia lisizunguke. Mkono ulioshika mpini wa duara hauna uwezo huo.

Kafi fupi mno nalo lina gharama yake. Ili bapa lizame, mpigaji huinama kupita kiasi, na kila pigo huwa ni kuinama na kuinuka. Bega limepona, lakini mgongo unalipa.

Kafi lililolala

Tulichukulia kwamba kafi liko wima. Likilala upande kwa nyuzi 10 kutoka wima, urefu unaotakiwa huongezeka kwa kugawanya kwa kosaini ya nyuzi 10, ambayo ni 0.985: sentimita 185 zinakuwa 188. Likilala kwa nyuzi 20, zinakuwa 197. Hivyo anayelalamika kwamba kafi la kipimo chake ni fupi, na akaomba refu zaidi, huenda shida yake ni namna anavyopiga. Analilaza kafi mbali na ubao. Na pigo lililo mbali na mstari wa katikati wa ubao lina momenti kubwa ya kuugeuza. Ubao hupinda, naye hulazimika kubadili upande kila mara ili anyoke. Kabla ya kurefusha kafi, kwanza lisimamishwe.

Upepo na kupiga magoti

Mtu aliyesimama juu ya ubao ni tanga dogo. Kani ya upepo juu ya mwili wake hukua kwa mraba wa kasi ya upepo: upepo ukiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. Ndiyo sababu asubuhi shwari humdanganya mgeni. Kwenda mbali na ufuo kwa kusukumwa na upepo ni rahisi, lakini kurudi dhidi yake ni hesabu nyingine.

Upepo ukizidi, inashauriwa kupiga magoti ili mwili upunguze eneo lake mbele ya upepo. Lakini anayepiga magoti ameshusha kipande (c) chote, pengine kwa sentimita 45 au zaidi, na kafi lake limekuwa refu mno kwa ghafla. Mwenye kafi la kurekebishwa na alifupishe papo hapo. Mwenye kafi la urefu mmoja hana budi kushika mpini chini zaidi, japo atapoteza ule uwezo wa kishikio, kwa kuwa hapa shida imeamua. Jaketi la kuokolea na kamba ya kumfunga mtu na ubao wake ni vya lazima siku zote, kwa maana ubao ukiponyoka huenda na upepo kwa kasi asiyoweza kuifikia hata muogeleaji hodari.

Zoezi la darasani

Shule iliyo mbali na bahari au ziwa isikate tamaa. Vifaa ni ufito wa mita 2 hivi, matofali, chaki, utepe wa kupimia na mizani mbili za springi.

Kwanza, panga matofali imara hadi kimo cha sentimita 12, na mwanafunzi asimame juu yake kama aliye ubaoni. Sakafu iwe uso wa maji. Akunje magoti, ainame kidogo, na mkono wa juu uwe usawa wa uso. Mwenzake apime kutoka sakafuni hadi kwenye mkono huo, kisha aongeze sentimita 43 za bapa. Huo ndio urefu wa kafi lake. Darasa zima lichore grafu ya U dhidi ya K. Je, nukta zinakaribia mstari mnyoofu? Mteremko wake ni 0.79, au darasa hili lina namba yake?

Pili, laza ufito juu ya meza laini na ncha yake moja ifungwe kwa kamba fupi kwenye msumari, ili iweze kuzunguka. Funga mizani moja sentimita 70 kutoka msumarini, na nyingine sentimita 152, zivutane pande zilizo kinyume. Soma namba zote mbili, kisha hamisha ile ya pili hadi sentimita 183. Linganisha na hesabu zetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba urefu wa kafi una vipande vitatu, na kwamba kimoja tu ndicho cha mtu. Kafi linalofaa ni lile linalozamisha bapa lote huku mkono wa juu ukibaki usawa wa uso. Lisilofika hapo linachosha mgongo, na lililozidi linaumiza bega. Mwenye kununua kafi la urefu mmoja, ambalo hukatwa kwa msumeno kabla ya kuunganishwa kishikio, na apime kwanza akiwa amesimama juu ya ubao atakaoutumia, maana majuto ni mjukuu. Na mwenye kuazimisha makafi ufuoni na awe na angalau machache yanayoweza kufupishwa, ili mtoto mfupi asilipe kwa bega lake kipimo cha mtu mrefu.

Maswali

1. Andika mlinganyo wa U kwa ubao mgumu ambao uso wake uko sentimita 8 juu ya maji, na bapa la sentimita 40.
2. Mwanafunzi wa kimo cha sentimita 150 anatanua mikono yake kutoka sentimita 70 hadi 80 kwenye kafi la 205. Kani ya mkono wa juu itakuwa ngapi, ikiwa maji yanazuia kwa nyutoni 50? Je, shida ya bega imekwisha?
3. Kwa nini urefu wa pondo hauwezi kupimwa kwa kimo cha mvuvi peke yake?